Glasi Tatu za Waini ya Ufaransa

Juzi nilikuwa kwenye duka la vinywaji pale Mkuza, Kibaha, akaingia mama mmoja na chupa ya waini nyeupe ya Ufaransa iliyobaki robo. Akaiweka kaunta taratibu, kama anayerudisha sahani ya jirani.

"Shikamoo mama," muuzaji akasema.

"Marahaba. Umeniuzia waini iliyochacha."

Muuzaji akamimina kidogo, akaonja. "Haijachacha mama. Haina sukari tu, Wafaransa ndivyo wanavyoipenda. Uliinywa na nini?"

"Sikunywa mimi. Nilimpa kijana aliyekuja kujitambulisha, anataka kumuoa binti yangu. Nikamwekea na keki."

"Keki haiendani nayo. Hii inataka samaki. Perege wa Ruvu wa kukaanga, ndimu na chumvi, basi."

Mama hakujali perege. Alikuwa anaitazama chupa.

"Alikunywa glasi tatu, na kila glasi akasema, 'Nzuri sana, mama.' Mimi nimekuja kuionja ameshaondoka. Sasa niambie, na aliposema anampenda binti yangu, ilikuwa kweli au adabu?"

Muuzaji akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Mimi nikatoka bila kununua nilichofuata.

Siku ya kwanza ukweni kwangu Kisarawe nilitengewa kisamvu, nikasema kitamu mno. Mke wangu nampenda kweli. Kisamvu sikipendi mpaka leo, na kila nikienda wananiongezea.