Nyumba ya Nolfa Yateremka Kilimani

Nolfa Cárcamo aliposhinda bahati nasibu, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa buti za mpira, maana zile za zamani zilikuwa zikiingiza maji tangu mumewe yu hai. Cha pili kilikuwa paa la kanisa. Hapo ndipo alipoharibu.

Kule Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, mvua ndiyo mwenyeji na jua ni mgeni. Vigae vya mbao vya kanisa vilikuwa vimeoza, na kijiji kizima kilingoja kiangazi wavibadilishe kwa minga, kazi yao ya ujima: mwenye ngazi aje na ngazi, mwenye nyundo na nyundo, masufuria yachemke uani, na pombe ya matufaha imfikie kila mtu. Nolfa akaona awapunguzie wenzake mzigo. Akaleta mafundi wa mjini, wakaimaliza kazi kabla kiangazi hakijafika. Padri alimshukuru mbele ya watu. Watu wakapiga makofi, kama wanavyompigia mgeni.

Tangu siku ile akawa Bi Mkubwa. Hakuna aliyemtukana wala kumnyima salamu. Lakini viazi vilipokomaa alikaa mlangoni na jembe lake akingoja kuitwa, asiitwe. Kutoka dirishani aliwaona wameinama shambani kwa Baldomero Huenchur, wanacheka, naye alijua hata ni utani wa nani ungefuata. Wachache walikuja kwake, wenye shida. Mkono wake ulitakwa ukiwa na kitu. Ukiwa mtupu haukuwa na kazi kwa mtu.

Mwaka uliofuata bahari ikaumega mlima mpaka karibu na ua wake. Nyumba ilibidi ihame. Mwanawe alimpigia simu kutoka bara, akamshauri aiache ianguke, ajenge ya matofali kando ya barabara. Nolfa hakutaka hata kusikia. Nyumba ile marehemu mumewe aliijenga ubao kwa ubao, na kisiwani nyumba huwekwa juu ya magogo ikavutwa na maksai, majirani wote wakiwa kwenye kamba. Ila mwenye nyumba sharti aende kwa miguu akaombe, na neno pesa lisitamkwe. Wakimkatalia, atakuwa amepoteza kijiji kabla ya nyumba.

Alianza kwa Baldomero, mwenye maksai wenye nguvu kuliko wote. Alimkuta akiipaka nira mafuta. Mkewe, Edelmira, rafiki wa Nolfa tangu usichana, alikuwa akikwangua viazi.

"Shemeji, nimekuja kuomba minga."

"Mjini kuna kreni, Bi Mkubwa," Baldomero akasema bila kuinua macho. "Inanyanyua kanisa na padri wake ndani."

"Kreni haijui kula."

Edelmira aliuma mdomo asicheke.

"Haya, tukikuvutia nyumba, utatupa nini?" Baldomero akauliza.

Ulikuwa mtego, na Nolfa aliuona. "Mgongo wangu, shemeji. Siku kwa siku, kila nyumba itakayokuja."

Edelmira akaweka kisu chini. "Ulitunyang'anya kanisa, shoga. Vigae vile mama yangu alivipigilia. Nami nilitaka wajukuu waonyeshwe changu."

"Nilidhani nawapumzisha."

"Nani alikwambia tumechoka?"

Nolfa alitazama buti zake, akasubiri afukuzwe. Baldomero akafuta mikono, akauliza kama kutakuwa na nyama ya kondoo, au watu wataburuta nyumba kwa nguvu ya viazi vitupu. Machozi yakamlengalenga Nolfa. Kisiwani hakuna anayeikubali minga kwa kusema ndiyo, huuliza chakula.

Siku yenyewe ilipambazuka bila mvua. Walisimika bendera paani, wakafunga maksai jozi kwa jozi, na nyumba ikaanza kuteremka ikilialia kama mtumbwi mkongwe. Kuku aliyekuwa ameatamia chini ya jiko akatoka dirishani kwa makelele, watoto wakamkimbiza. Penye kijito magogo yakazama matopeni, kamba ikakatika, nyumba ikainama. Nolfa alikuwa kando, aproni safi, birika mkononi, hajui aende wapi.

"Nolfa, umesimama kama sanamu ya mtakatifu?" Edelmira alifoka. "Lete bega hapa."

Akaliacha birika lianguke. Akasukuma katikati ya mabega ya watu, matope mpaka mapajani, shavu limegandana na ubao wa nyumba yake, na mtu nyuma yake akamwambia kwamba bahati nasibu imemnenepesha, ajitahidi. Kamba mpya ikakazwa. Nyumba ikachomoka.

Ilitua karibu na barabara ikiwa imepinda kidogo, na mlango ukagoma kufunga. Wachache hawakuja, hasa wale aliowasaidia zaidi. Nolfa aliwatengea nyama, ikapoa, akaifunika vizuri. Kisha kodiani ikaanza kupigwa, na Baldomero akapanda juu ya gogo kutangaza nani anamdai Nolfa siku ya kazi: huyu ana uzio, yule ana kuni, mwingine ana kondoo wa kunyoa. Mwaka mzima wa Nolfa ulikuwa umekwisha kuchukuliwa, na watu bado wanainua mikono. Naye, mdomo umejaa nyama, alitikisa kichwa kukubali kila jina, akimwashiria Baldomero kwa mfupa asimsahau mtu.