Mkono Uliofungwa Kitambaa

Fakihi alipoingia kwenye kikundi cha ngoma ya sindimba cha Mkunya, Newala, watu walimshangilia, isipokuwa Dastani. Dastani alimtazama tu mikono.

Dastani alikuwa mkulima wa korosho na mihogo kama jirani zake wote, lakini tangu ujana wake alijulikana kwa chinganga, ile ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, inayopigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Ngoma kubwa huwapa wachezaji hatua. Chinganga huwapa moto. Mpigaji hutia mapigo mawili kwa mkono wa kulia, mawili kwa wa kushoto, mbilimbili, upesi upesi mpaka mlio unakuwa kama mvua juu ya bati. Hapo ndipo palipokuwa na ila ya Dastani. Mkono wake wa kulia ulipiga mawili yaliyo sawa. Wa kushoto ulipiga la kwanza vizuri, la pili likafifia. Ngoma ikienda polepole hakuna aliyejua, lakini ikichemka, akina mama waliokuwa wakicheza walicheka: "Chinganga ya Baba Stefano inachechemea leo!"

Fakihi hakuchechemea. Alitoka Kitangari, akamwoa binti wa Mzee Rajabu, kiongozi wa kikundi, na kwa desturi ya Wamakonde akahamia kwa wakwe zake. Mbilimbili zake zilitoka zote sawa, huwezi kujua mkono upi umepiga. Mzee Rajabu akatangaza kwamba kwenye sherehe ya Tandahimba, mkwewe ndiye atakayeongoza vinganga, na Dastani atamfuata.

Dastani aliitikia vizuri mdomoni. Moyoni alianza kukusanya mambo. Kwa nini mgeni huyu hupenda kukaa pembeni, ubavu wa kushoto ukiwa ukutani? Kwa nini kifundo cha mkono wake hakikosi kitambaa cheusi? Na kwa nini, akiombwa kitu, hata kiberiti, husita kwanza kabla ya kukitoa, kama mtu anayetunga uongo?

Alasiri moja, msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, Dastani alikuwa akimtafuta mbuzi wake aliyekata kamba. Akasikia mdundo mzito katika mikorosho ya Mzee Rajabu: pu-pu, pu-pu. Akanyata. Fakihi alikuwa amekaa kwenye kigoda peke yake. Mbele yake hapakuwa na ngoma bali gunia la mihogo mikavu, naye analipiga kwa kijiti kimoja, midomo ikicheza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kile kitambaa cheusi.

Mbuzi alisahauliwa. Dastani alirudi nyumbani mbio.

"Mama Stefano," alimwambia mkewe Veridiana, "yule kijana ana mambo. Nimeyaona kwa macho yangu."

Veridiana alikuwa akimenya mihogo. "Umeona hirizi?"

"Amejifunga mkono! Anapiga gunia, ananong'ona!"

"Basi umemwona mtu anapiga gunia. Muulize."

"Mchawi haulizwi."

"Haya, nenda kamwambie Mzee Rajabu kwamba mkwe wake ni mchawi," Veridiana alisema bila kuinua macho. "Mimi na wanangu tutakuwa kwa kaka yangu."

Dastani alikosa usingizi. Kesho yake alirudi kule kule, lakini majani makavu ya mkorosho hayatunzi siri. Yalilia chini ya mguu wake, Fakihi akageuka.

"Karibu, kaka Dastani."

"Sikuja kukaribishwa. Ndani ya kitambaa hicho umefunga nini?"

 Fakihi alikifungua kitambaa, akamnyooshea kwa mkono wa kushoto, akashtuka, akakihamishia wa kulia. Dastani alikipapasa pindo kwa pindo. Hapakuwa na kitu ila jasho.

"Nina mashoto, kaka," Fakihi alisema kwa sauti ya chini. "Nilizaliwa hivyo. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinifunga mkono huu ili nijifunze kula na kusalimia kwa wa kulia. Nikajifunza. Lakini mkono wa kulia ulibaki goigoi kwenye ngoma. Ndiyo maana naufunga wenye nguvu, ule mvivu ufanye kazi, nami nahesabu mapigo kwa mdomo."

"Uongo huo."

Dastani aliokota bibo chini, akamrushia usoni ghafla. Mkono wa kushoto uliruka, ukalidaka karibu na sikio. Wote wawili wakabaki wanalitazama lile bibo, maji yake yakichuruzika hadi kiwikoni.

"Mbona unaficha?"

"Naishi kwa wakwe, kaka. Juzi nusura nimpe mama mkwe chumvi kwa mkono huu. Angeona nimemtukana."

Dastani alitaka kuondoka. Lakini Fakihi alikuwa amekwisha sema neno lililomgusa kwenye kidonda: "Wako wa kushoto una ugonjwa ule ule wa wangu wa kulia. Unapiga mara mbili kwa nguvu za mkono mzima. Usifanye hivyo. Pigo la kwanza litoke kwenye kifundo. Kijiti kikiruka, kikaribishe kwa vidole, vikirudishe chini. Vidole vilegee. Ukikikaba kijiti, la pili linafia mkononi."

"Na gunia?"

"Ngozi hukurudishia kijiti bure. Gunia halikupi kitu. Ukiweza hapo, ngozi itakuwa mteremko."

"Utapata nini ukinifundisha?"

"Mtu wa kupiga naye."

Jibu lilikuwa rahisi mno, na kwa hiyo Dastani hakuliamini. Hata hivyo alijaribu zoezi lile la gunia nyumbani, nyuma ya banda la mbuzi, mkono wa kulia umefungwa kwa kipande cha kanga. Mambo yakaharibika. Mkono wa kushoto uliuma, na hata ule ujuzi mdogo uliokuwamo ukapotea. Ameniharibu, aliwaza, amenitegea nianguke mbele ya watu wa Tandahimba. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Akawa anafagia kwa kushoto, anapura kunde kwa kushoto. Majirani waliokuwa wakipita na ndoo za maji walimwona amejifunga mkono, wakapunguza sauti zao. Mmoja alimuuliza Veridiana kama mumewe ni mzima.

Kisha asubuhi moja pigo la pili likaja lenyewe. Dastani hakulisukuma. Alisikia tu mapigo mawili yanayolingana, akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine anayepiga.

Siku ya sherehe ya Tandahimba, ngoma ilichemka hadi vumbi likapanda kiunoni. Fakihi aliongoza, Dastani akafuata, na hapakuwa na aliyechechemea. Lakini walipopumzika, Mzee Rajabu aliwaita wote wawili kando. Alikuwa ameshika vijiti vya Dastani, akavinusa.

"Nimeambiwa mnajifunga mikono mafichoni. Dastani, umepewa nini na mkwe wangu?"

"Sikupewa kitu, Mzee."

"Mkono uliokushinda ujanani umepona wenyewe sasa?"

 Neno moja tu lingemsafisha Dastani, nalo halikuwa lake. Akawaona wenzake wamesimama mbali kidogo, wanamtazama mikono. Alilifahamu vizuri jicho lile.

"Baba," Fakihi alisema, "nina mashoto. Nilimfundisha ninavyojifundisha mwenyewe. Hakuna dawa."

Mzee Rajabu akageuka. "Dastani, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakubali nikudhanie vibaya."

"Halikuwa langu la kusema, Mzee."

Mzee alivirudisha vijiti. Hakumsifu mtu, wala hakumkemea. "Nyumbani kwangu utapokea kwa kulia," alimwambia mkwewe. "Huku piga unavyojua. Haya, watu wanangoja."

Jambo hilo halikuisha siku ile. Mama mkwe alimtazama Fakihi mkononi kila alipopokea sahani, mpaka alipochoka. Mpigaji mmoja wa ngoma kubwa alikataa kabisa kukaa karibu na Dastani, na hadi leo hukaa mbali. Fakihi na Dastani wao hukaa pamoja, na kwenye mbilimbili huanza mmoja kwa kulia, mwingine kwa kushoto.

Mwaka huu walialikwa Masasi. Ngoma ilipokwisha, mpigaji wa huko alimvuta Dastani pembeni, akaomba aonyeshwe ile dawa ya mkono wa kushoto. Dastani alimweleza yote, kifundo, vidole, kulegeza, kwenda polepole kwanza.

"Na dawa yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

Yule mtu alitabasamu kwa uchungu, akaenda zake akiwaambia wenzake kwamba watu wa Newala ni wachoyo. Dastani alimtazama akienda. Hakumwita. Akajitwika chinganga yake, akamfuata Fakihi kutafuta gari la kurudi.