Mkaa wa Mkonge

Mimi ni mtu wa haraka, mbishi pia, na kwa tabia hizo mbili nilikaribia kuua utafiti wangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kutengeneza mkaa wa betri. Nachukua mabaki ya mkonge yanayotupwa kwenye mashamba ya Korogwe, nayakausha, nayaoka bila hewa kwenye tanuri la umeme, kisha nayasaga. Ukiokwa vizuri, mkaa huo unakuwa na vitundu vidogo mno, ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni, na humo ndimo chaji inamokaa. Wangu ulitoka na majivu. Betri zangu ziliishiwa chaji kabla sijamaliza kikombe cha chai. Msimamizi wangu, mtu mpole, aliniambia kwamba mkaa unaofuata ukishindwa, tutafunga mradi na nitafute mada nyingine. Miaka mitatu ya kazi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikapanda basi la Handeni.

Mama yangu anachoma mkaa Kwaluguru. Nilimkuta na beleshi mkononi, akilizunguka tanuri lake la udongo. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kusimama. Ndivyo alivyo tanuri likiwaka: anazunguka kutwa, na popote moshi unapopenya anabandika udongo mbichi, anaendelea. Hakuna tanuri lake lililowahi kuteketea. Wachoma mkaa wa Mazingara huja kumuuliza siri, naye huwajibu kwamba ni miguu tu.

Alipopumzika nilimwonyesha chupa yangu ya unga mweusi, nikamweleza habari za betri kwa maneno marefu ya kujionyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamimina unga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akanionyesha chembe za kijivu.

"Tanuri lako linavuta hewa, mwanangu," alisema.

Nikamwambia haiwezekani, letu ni la kisasa, kila kitu kinaonekana kwenye kompyuta. Akaniuliza kama huwa nalizunguka. Nikasema hapana, nakaa naangalia kompyuta. Alinitazama vile alivyonitazama zamani nilipounguza mboga, akarudi kwenye kazi yake.

Niliudhika, nakiri. Nimesoma miaka yote hiyo, halafu nisahihishwe kwa kidole gumba. Hata hivyo, niliporudi maabara nilifungulia gesi inayofukuza hewa ndani ya tanuri, nikapaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo, kama tunavyokagua mtungi wa gesi jikoni. Nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayetazama, povu likaanza kutoa mapovu makubwa. Mpira wa kuziba ulikuwa umepasuka.

Nilibadilisha mpira, nikaoka upya, na safari hii sikukaa. Nililizunguka lile tanuri kutwa nzima na chupa yangu ya sabuni, wenzangu wakinicheka. Mkaa ulitoka mweusi tii. Betri ikashika chaji siku ya kwanza, ikashika wiki nzima, ikashika mwezi. Mradi ukapona, nami nikatembea kifua mbele.

Msimamizi alinisimamisha mbele ya idara yote, akauliza ni nani alinifundisha kutafuta hewa namna ile. Kwenye kila fomu ya chuo, mahali pa kazi ya mzazi, nilikuwa nimeandika mkulima, kwa kuwa niliona aibu.

"Mama yangu," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. "Ni mchoma mkaa."