Siku Baba Mkwe Aliponipisha Chooni

Nitasema mwenyewe kabla wifi yangu Tupokigwe hajawafikia, maana yule akisimulia huongeza mpaka mimi ninayejulikana kwa kuongeza namwonea haya: nilijichafua, mchana kweupe, nyuma ya migomba ya wakwe zangu kule Ikuti, nimevaa gauni la mtumba jeupe kama la bibi harusi, na waliokuja kutazama walitosha kujaza kanisa na kwaya yake.

Mjue kwanza kwamba nina ugonjwa. Daktari wa Mbeya aliuita kwa Kiingereza maltipo sklerosisi, jina refu kama treni ya mizigo, akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosa adui ikaamua kula maganda ya mishipa ya fahamu, kama panya anayetafuna nyaya za umeme, ndiyo maana miguu ni mizito natembea na fimbo, na ndiyo maana utumbo nao haupati habari kutoka kichwani: unagoma wiki nzima, halafu siku moja unafanya kazi yote bila kupiga hodi. Nesi akanifundisha, maji mengi, mboga, kukaa chooni kila asubuhi baada ya chai bila haraka, na dawa kali za kuharisha nisiguse bila kuuliza. Nilimsikiliza kwa adabu zote. (Adabu ninazo, akili ndiyo ilikuwa haijafika.)

Basi mama mkwe akaalika watu kwenye kipaimara cha mjukuu, na mimi sijapata choo siku nyingi, tumbo gumu kama jiwe la kusagia. Na nilijua kwamba baada ya chakula kuna kikao cha ukoo, na ajenda ni mimi: Tupokigwe alikuwa ameshatangaza kwamba kaka yake Ambakisye, yaani mume wangu, ameoa gogo, atafutiwe mke wa pili mwenye miguu. Nikasema watanitambua, nitapika kuliko wote tena wima. Nikaenda Msasani ya huku kwetu, si ile ya pwani, kwa muuzaji mmoja wa dawa (zilikuwa zile zama biashara imefunguliwa, kila mwenye kabati la kioo amekuwa daktari, huyu juzijuzi tu alikuwa anauza viatu), akanipa vidonge akasema, "Kimoja tu mama, wakati wa kulala." Sasa mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, cheti kipo ukutani, nikapiga hesabu: kimoja ni cha mtu mwenye mishipa mizima, yangu imebaki theluthi, kwa hiyo vitatu. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ni tumbo ambalo halikusoma jioni.

Usiku kimya. Asubuhi kimya. Adhuhuri, nimeinamia sufuria la ndizi, utumbo ukapata habari zote kwa mpigo.

Nikashika fimbo nikaelekea chooni, mwisho wa njia, nyuma ya migomba. Mlango wa bati umefungwa, na chini yake naona buti za mpira. Buti za baba mkwe.

Kwa wasio wa kwetu: Mnyakyusa aliyelelewa vizuri, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani, wakikaribiana njiani mmoja anajificha mwingine apite. Kugonga siwezi, kuita siwezi, hata kukohoa ningekuwa nimemtukana. Nikageuza mgongo, nikajifunika kitenge, nikangoja atoke. Nikangoja mpaka jasho likanitoka kwenye kope. Buti zimetulia kama zimepandwa.

Kutoka jikoni Tupokigwe akaita, "Wifi, umekwenda kukichimba hicho choo au kukitumia? Ndizi zinaungua."

Sikumjibu, baba angesikia sauti yangu. Na hapo mishipa yangu ikafunga mjadala.

Wanawake wakaja, Tupokigwe mbele na mwiko mkononi. "Mama, njoo uone," akasema, "halafu uniambie tena namsingizia."

Mama mkwe akanitazama, akavua kitenge chake akanifunga kiunoni. "Wewe kalete maji," akamwambia bintiye. "Na wewe mwanangu, choo si hicho hapo, ulikuwa unangoja nini?"

Nikanyoosha fimbo kwenye zile buti.

"Baba Ambakisye, umo humo?"

"Nimo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu niliposikia fimbo ya mkwe. Nimeingia nimpishe apite."

"Apite aende wapi, na njia inaishia hapo?"

Mzee wa watu hakuwa na haja yoyote. Alikimbilia chooni kunipa njia ya kwenda chooni, akakaa humo akingoja nipite, na mimi nje nangoja atoke, tukaheshimiana mpaka nikaharibika. Mama mkwe akanishika mkono tukaondoka ili mfungwa atoke.

Kikao kikakaa, mimi nimelala ndani nimejifunika gubigubi, kichwani nimeshafungasha nguo narudi kwetu Isongole. Jioni Ambakisye akaja, amebana midomo asicheke. Akasema dada yake alihutubia kirefu, mpaka harufu akaitaja, kisha baba (ambaye kwenye vikao husinzia) akasimama akasema, "Huyo hahitaji mke mwenza. Anahitaji choo. Wiki ijayo mnachimba." Akakaa. Na Tupokigwe akapangiwa kuwapikia wachimbaji.

Choo changu kipo, kina kiti cha kukalia, nakaa kila asubuhi baada ya chai kama nesi alivyosema, na dawa ya kuharisha sitaimeza tena kwa hesabu zangu. Cheti nimekishusha ukutani mpaka nitakapokistahili. Baba mkwe bado tunapishana kwa heshima zote, ila siku hizi akisikia fimbo yangu anakimbilia zizini kwa ng'ombe, na mimi nikikuta mlango wa choo umefungwa nagonga, hata awe nani ndani.