Kahawa ya Marehemu Milunka

Sipendi mtu anayelamba vidole mezani kwa watu, na Dokta Ratomir alikuwa akivilamba vyote, kimoja baada ya kingine, huku akituhubiria usafi wa nafsi. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yamemchuruzika mpaka kwenye mkanda wa saa. Kila nikikumbuka ile saa, hamu ya kula inanitoka.

Huyo ndiye aliyekuwa mkufunzi wa wifi yangu Nevenka, mke wa kaka yangu Momir. Nevenka alikuwa mwanasaikolojia wa shule hapa Niš, Serbia, kazi ambayo kwetu maana yake ni kuandika ripoti za watoto waliovunja vioo. Mvi zilipoanza kumtoka akasema inatosha, anarudi kusoma awe mshauri nasaha kamili, mwenye chumba chake na viti viwili. Tukamcheka. Hakujali.

Mafunzo yenyewe yalinitia kinyaa tangu mwanzo, siwafichi. Watu wazima, wenye shahada zao, wanakaa duara juu ya mito na kulia kwa zamu, na Dokta Ratomir katikati anaitikia kwa kichwa kama anaonja supu. Baadaye mwanafunzi anapewa watu wa kweli wenye shida zao, na yote anayoambiwa lazima akamsimulie mkufunzi, neno kwa neno, ili arekebishwe. Mwisho mkufunzi anatia saini. Bila saini hiyo, miaka yote imekwenda na maji. Dokta alikuwa ameikalia ya Nevenka tangu masika, kila wiki anasema wiki ijayo.

Nitamsifu Nevenka kwa jambo moja. Hakuwahi kutuletea maneno ya watu wake. Kaka yangu alijaribu kumchokonoa, nami nilijaribu, tukaambulia patupu. "Kinachosemwa chumbani kinafia chumbani," alikuwa akituambia. Alifundishwa hayo na Dokta Ratomir mwenyewe.

Basi ikafika slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Dimitrije, mtakatifu mlinzi wa nyumba ya baba yangu. Siku hiyo hakuna anayealikwa. Anayeijua siku anakuja, aliyekuja mara moja anarudi kila mwaka, na mgeni hafukuzwi hata akija na matope miguuni. Mwaka uliotangulia Dokta alikuwa amepita kuchukua kitabu chake, akakaa mpaka nyama ikaisha. Nilijua tutamwona tena.

"Wifi, yule mlafi wako kaja," nikamwambia Nevenka jikoni.

"Radojka, nakuomba. Leo tu. Akitoka hapa na roho safi, Jumatatu anasaini."

"Akishiba huyo atalala. Hasaini."

"Beba sarma, acha mdomo."

Nikabeba sarma, zile nyama za kuviringwa kwenye majani ya kabichi. Nevenka akashika sinia la ngano, ile ya kuchemsha na kusagwa kwa sukari na jozi, ambayo kila anayeingia huchota kijiko kabla ya kuketi. Mlangoni alikuwa amesimama Vidoje, aliyemsimamia kaka yangu harusini, na kwetu huyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Alikuwa na mwanamke tusiyemjua, mjane mwenye duka ambaye Vidoje alitaka kumuoa. Vidoje mpole, mtu wa makamo, amejichana nywele kwa maji kama mtoto wa shule. Tulifurahi kwa ajili yake.

Nevenka alipomwona yule mama, vijiko vikagongana kwenye sinia. Mara moja tu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyewahi kumtia machoni, "Karibu, mama. Mimi naitwa Nevenka."

Mwanamke akamtazama, akachota ngano. "Stamena," akasema.

Nikajisemea moyoni, hawa wawili wana yao.

Mezani Dokta alikuwa ameshafika glasi ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, ambayo mtu haihesabu tena. Watu wakamuuliza kuhusu kazi yake, kwa adabu tu. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Ngoja niwape kisa. Jina sitaji, maadili ya kazi hayaniruhusu." Wakacheka. "Kuna mama mmoja. Mumewe alikuwa anampiga miaka nenda rudi. Asubuhi moja jamaa anaanguka jikoni, kashika kifua, anakoroma. Mama anafanya nini? Anaita ambulensi? Wapi! Anamaliza kwanza kahawa yake. Taratibu, mpaka tone la mwisho. Halafu anageuza kikombe, anasoma bahati kwenye mashapo."

"Na mashapo yakasemaje?" akauliza Vidoje, naye anacheka kama wengine.

"Kwamba kuna mtu anasafiri."

Meza nzima ikapasuka. Mimi nilikuwa nimemkabili Stamena. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimesimama hewani, hakiendi mdomoni wala hakirudi mezani, na uso wake ulikuwa umekauka. Hapo nikaelewa vijiko viligongana kwa nini. Mwanamke ameipeleka aibu yake kubwa kuliko zote kwenye chumba chenye viti viwili, na sasa inapitishwa mezani pamoja na figili, mbele ya mwanamume anayetaka kumuoa. Dokta hakuwa amewahi kuiona sura yake. Alikuwa akimla bila kujua kwamba ameketi hapo hapo.

Na alikuwa hajamaliza. "Sikilizeni sasa," akasema, "mama mwenyewe ana duka la..."

"Huyo ni mama yangu," akasema Nevenka.

Alikuwa wima, kwa sababu mwenye nyumba haketi siku ya slava. Kicheko kikakatika.

"Mama yangu Milunka. Kwenye mafunzo tunaeleza ya kwetu, nikamweleza Dokta ya mama yangu. Leo kaja kuyachezea nyumbani kwangu."

Marehemu Milunka nilimjua vizuri. Mwanamke mwenye roho ya dhahabu, kila vuli alikuwa akiniwekea chupa za ajvar, ile rojo ya pilipili hoho za kuchoma. Mumewe alimpenda, na alifia hospitalini Svrljig mkono wake ukiwa mkononi mwa Milunka, mimi na Momir tukiwa ukumbini tunasubiri. Momir akafumbua mdomo. Nikamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote, akaufumba.

Dokta naye akafumbua wake. Alitaka kusema si kweli, huyo si mama yako. Kisha akaona kwamba akisema hivyo, itabidi aseme ni nani. Akabaki anacheua hewa.

Nevenka alikuwa ameshaleta koti lake.

"Nevenka, dada," akasema Vidoje taratibu, "leo ni slava. Mgeni hafukuzwi."

"Najua, Vidoje."

Dokta akainuka. "Binti yangu, saini iko kwangu. Usisahau."

"Na mlango uko kwangu, Dokta."

Akatoka. Kabla ya kutoka alifunga kipande cha nyama kwenye kitambaa chetu cha mezani akakitia mfukoni. Nilimwona kwa macho yangu haya.

Hakusaini. Aliwaambia wenzake kwamba Nevenka hajakomaa kihisia, nao wakamwamini, maana wote waliwahi kulia juu ya mito yake. Mpaka leo anafundisha. Nevenka yuko shuleni na vioo vyake vilivyovunjika.

Na mtaa ukapata cha kutafuna. Sokoni wanawake walininong'oneza mbele ya pilipili: eti Milunka alimwacha mumewe afe? Nikalipia pilipili zangu, nikaondoka. Lakini usiku ule ule wa slava, wakati tunaosha vyombo, nilikuwa nimeshamwambia Nevenka yaliyonikaa rohoni, kwamba na yeye alinichukiza. Kumpaka matope marehemu ambaye hawezi kujitetea.

"Ungeshindwa kuzua shangazi? Ungesingizia hata shangazi wa mbali."

"Nani angeniamini? Mama angeelewa."

"Na Stamena je?"

"Stamena kafanyaje?" akasema, anafuta sahani. Nikamtazama machoni. Hakupepesa.

Vidoje na Stamena walioana wakati wa baridi. Mwaka uliofuata, Jumamosi ya wafu, ile kabla ya slava, mimi na Nevenka tukaenda makaburini na mkate, mishumaa na rakija ya Milunka. Tulidhani tumewahi. Kumbe mtu alikuwa ametutangulia. Mshumaa usio wetu ulikuwa unawaka, na juu ya jiwe la Milunka pamewekwa kikombe kidogo cha kahawa, kimejaa mpaka ukingoni, hakijaguswa, bado kinafuka.

"Nani kaleta hii?" nikauliza.

"Sijui, wifi," akasema Nevenka.

Akakisogeza kikombe karibu na jina la mama yake, upepo usije ukakimwaga, kisha akaanza kukata mkate.