Isale la Mama Lucky chini ya Kiyoyozi

Wapwa zangu, ninalotaka kuwasimulia hamtaliamini, na wala siwalaumu. Nimemwona Mchaga akifunga duka Kariakoo. Saa saba mchana, Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili. Hakuna msiba, hakuna moto, hakuna mtu wa kodi aliyeonekana kwenye kona. Aliteremsha mlango wa chuma kwa mkono wake, wateja wakiwa bado wamesimama na mabeseni, akapiga kufuli, akaondoka na jani mkononi. Jani. Sasa chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Nianze na mwenye mmea uliotoa hilo jani. Ni Severa, sisi tunamwita Mama Lucky, mwanamke wa Kilema huko Kilimanjaro, anauza vyombo vya plastiki kwa jumla Mtaa wa Narung'ombe. Ndoo, mabeseni, majagi, bakuli. Mimi Sadalla ni winga wake. Asiyejua winga ni nani, ni yule mtu anayekupokea ukishuka tu Msimbazi, anakuuliza unatafuta nini bosi wangu, na kabla hujajibu umeshafikishwa dukani kwa mtu. Vijana wanaifanya kazi hii kwa mbio. Mimi naifanya kwa maneno. Kutoka Mnazi Mmoja mpaka Jangwani hakuna winga anayemfikia Sadalla, na anayebisha aje tupimane. Lakini aje asubuhi, maana ikifika mchana miguu yangu huwa hainisikilizi.

Tumechoka, huo ndio ukweli. Kariakoo inamchosha mtu hata akiwa amekaa. Spika ya huyu inapiga kelele "bei ya kutupa," spika ya yule inamjibu, mikokoteni inakuambia upishe, pikipiki haikuambii kitu. Mama Lucky anafungua duka kabla jua halijatoka na jioni anainuka kwenye kiti chake kwa vipande, kwanza mkono mmoja juu ya kaunta, halafu wa pili, halafu anapumzika hapohapo katikati kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Vifundo vya miguu vimemvimba. Mume alishatangulia mbele ya haki. Huyo Lucky mwenyewe yuko Mwanza na familia yake, anapiga simu Jumapili.

Sasa mbele ya duka lake pale, juu kidogo, kuna kiyoyozi cha ofisi ya ghorofa ya kwanza. Kinadondosha maji kutwa nzima. Zamani tone lilikuwa linampata mpita njia utosini, anatukana, anaangalia juu, tone la pili linampata jichoni. Mama Lucky akaweka kopo la rangi chini ya lile tone, akapanda mmea. Majani marefu ya kijani, yameinama kama mikono ya mtu aliyemaliza kufua. Wachaga wenyewe wanauita isale.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Mama Lucky, mjini watu wanapanda maghorofa, wewe unapanda majani?" Akaniambia, "Sadalla, kapige debe." Basi. Hana maneno mengi yule.

Lakini nikaanza kumtazama. Duka likipoa kidogo, anapindua ndoo mbele ya lile kopo, anakaa, anashika ncha ya khanga, anailowesha kwa maji yaleyale ya kiyoyozi, anafuta vumbi. Jani moja moja, juu na chini, kama anamfuta mtoto uso. Na vumbi la Kariakoo mnalijua, kesho liko palepale. Anafuta tena. Nikamwuliza, hivi huchoki? Akasema, "Nachoka kila kitu kingine."

Siku moja akaniita. "Njoo uone." Nikasogea nikitegemea ameona mwizi. Kumbe anataka nione jani jipya. Linatoka katikati likiwa limejiviringisha kama karatasi ya kufungia karanga, na tone la kiyoyozi likilidondokea linateleza kwenye mfereji wake, linashuka mpaka kwenye shina, halimwagiki nje hata kidogo. Tukatazama tone, likaja jingine. Nikamwambia nimeshaona, na nikabaki nimesimama. Vunjajungu naye alihamia humo, kijani kibichi, amekunja mikono kifuani. Ametoka wapi katikati ya zege na moshi wa bajaji, sijui. Saa saba hivi jua linaingia kati ya ghorofa mbili kama mtu aliyepotea njia, linakaa juu ya yale majani dakika chache, linaondoka. Mama Lucky hula chakula chake saa hiyo. Mimi na nyie tusidanganyane, hata mimi nikaanza kupitia pale saa hiyo. Nilikuwa nawaambia vijana naenda kuulizia mzigo.

Hilo isale lina asili yake. Mama yake Severa alilipanda kule Kilema, mstari mzima kuzunguka kihamba, yaani shamba lao la nyumbani lenye migomba. Mama alipofariki, mdogo wake Severa, Polycarp, akayang'oa masale yote ili ajenge ukuta wa matofali. Polycarp naye ni mtu wa plastiki, ana duka Mtaa wa Mahiwa, mwendo wa kutema mate mara mbili kutoka kwa dada yake. Severa alipofika kule Krismasi akakuta ukuta, na masale yamelundikwa yanakauka. Akachomoa shina moja lililokuwa bado na uhai, akalitia kwenye mfuko, akapanda basi nalo mpaka Dar. Tangu hapo hawasemeshani. Na tangu hapo hajarudi kwao.

Mnaelewa hiyo ni nini kwa Mchaga? Mwezi wa kumi na mbili wanaondoka wote, Kariakoo tunabaki sisi wenye mji. Mama Lucky alikuwa anabaki na sisi, amekaa juu ya ndoo, anafuta majani. Mwaka huu nilimwuliza kama ameshakata tiketi. Akasema, "Nikaangalie ukuta?" Halafu baadaye, bila mimi kumwuliza tena, akasema, "Kaburi la mama litakuwa limeota majani." Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na mgongo wake unaouma. Alikuwa anataka kwenda kuliko kitu chochote, ila hawezi kupita mlango wa mtu asiyemsalimia, na yeye ndiye mkubwa, na Polycarp hawezi kuja bila kuitwa. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Hapo ndipo anapoingia Sadalla, fundi wa mambo yote.

Jumamosi hiyo akaja mteja kutoka Lindi anataka bakuli za bluu, nyingi. Mama Lucky ana nyekundu, kijani na njano. Kariakoo huwezi kumwambia mteja huna, unamwambia akae, winga anakimbia kwa jirani kuchukua. Mama Lucky akanipa bakuli tatu mkononi ziwe sampuli, nikalinganishe saizi. Akaniambia kama kawaida, "Popote, Sadalla. Isipokuwa kule."

Bakuli zinateleza, na mtaa ule ukipita umebeba kitu bila kukifunga, unafika na nusu. Natafuta kamba za kufungia, zimeisha. Mama Lucky yuko ndani na mteja. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakata jani moja la isale. Refu, gumu, zuri kuliko kamba. Nikazungusha bakuli zangu, nikapiga fundo. Fundo la Kizaramo, halifunguki.

Jirani wa kwanza hana bluu, na wa pili naye hana. Jua linanichoma kipara, miguu imeshaanza maneno yake. Mtaa wa Mahiwa uko palepale mbele yangu. Nikasema, jua ndilo litabeba lawama.

Polycarp alikuwa juu ya ngazi anashusha majagi. "Mzee Sadalla! Shikamoo. Leo umepotea?"

"Marahaba. Nataka bakuli kama hizi, bluu." Nikamnyooshea.

Akainama kuzipokea, akaganda. Hakuzishika bakuli, alishika jani. Akateremka ile ngazi taratibu kama amebeba yai.

"Hizi umetoka nazo wapi?"

"Kwa dada yako. Ningetoka nazo wapi?"

"Amekupa yeye mwenyewe? Kwa mkono wake?"

Bakuli alinipa kwa mkono wake, hilo naapa. Nikasema, "Kwa mkono wake." Yaliyobaki nikakohoa.

Polycarp akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Yeye ndiye mkubwa," akasema. "Mkubwa ndiye ameanza." Akafungua fundo langu lisilofunguka, akazitoa bakuli, akalifunga jani upya. Halafu ndiyo akawatoa wateja, akafunga duka. Kuna mama mmoja alibaki nje na beseni kichwani anauliza, "Kuna nini? Wanakuja manispaa?"

Nikamfuata nyuma najua leo napigwa. Amelishika jani kwa mikono miwili, mbele ya kifua. Njiani mzee Gaudens muuza mashuka, naye wa huko huko kwao, akaliona, akavua kofia, akampisha. Nikamvuta pembeni.

"Gaudens, lile jani lina nini?"

"Hulijui? Kwetu ukipelekewa isale lina fundo, umeombwa msamaha. Hulikatai."

"Hata kama amekukosea sana?"

"Hata kama ameua."

"Lazima liwe na fundo?"

"Fundo ndiyo maneno yenyewe."

Wapwa zangu, akili yangu ikaniambia nenda nyumbani. Ila nyumbani ni Buguruni, na miguu ikakataa.

Nilipofika, Polycarp ameshasimama mbele ya dada yake. Mama Lucky ameinuka kwenye kiti, safari hii bila vipande. Anaangalia lile fundo.

"Umekuja nalo," akasema. "Poli, umekuja nalo mwenyewe."

"Sasa ulete wewe, dada, halafu mimi nisije?"

Mama Lucky akageuza shingo, akatazama kopo lake la rangi. Pale kwenye shina palikuwa na kovu bichi, limekatwa kwa meno ya funguo zangu. Akalitazama kovu, akalitazama jani. Akanitafuta mimi, akanipata, nipo nyuma ya mabeseni.

Neno moja tu, na Polycarp angerudi kufungua duka lake akiwa amedhalilika, na lile kaburi lingebaki na majani yake mpaka siku ya mwisho. Nami ningeacha kazi. Tone la kiyoyozi likadondoka, likadondoka jingine. Jua lile la saa saba lilikuwa limeshaingia, liko juu ya majani, na vunjajungu amekunja mikono yake kama anayesubiri hukumu pamoja nami.

"Sadalla," akasema.

"Naam, Mama Lucky."

"Kamba za kufungia zimeisha?"

"Zimeisha."

"Kanunue nyingine."

Basi. Akapindua ndoo ya pili karibu na ile yake. "Kaa, Poli."

Polycarp akakaa. Mwanaume mzima mwenye kitambi, juu ya ndoo. Akauangalia ule mmea muda mrefu. "Hili ni la mama?"

"Ndilo lililobaki."

Polycarp akashika jani moja, akaanza kulifuta vumbi kwa mkono wa shati. Vibaya, analiburuza. Dada mtu akampa ncha ya khanga, akamwonyesha, juu na chini. Wakafuta. Spika ziliendelea kupiga kelele, mikokoteni ikapita, wao wanafuta. Mteja wa Lindi akaniuliza, "Mjomba, bakuli zangu?" Nikamwambia, bosi wangu, leo kaa na wewe upumzike. Akakaa.

Baadaye nilimsikia Polycarp akisema, "Ukuta siwezi kuubomoa, dada."

"Sijakuambia uubomoe. Niachie nafasi mbele yake."

Leo naandika haya juu ya kaunta yake, yeye anafunga mabegi. Machipukizi matano ameyafunga kwenye khanga mbichi, ameyasimamisha ndani ya ndoo, kesho alfajiri yanapanda basi pamoja naye na Polycarp, yakapandwe mbele ya ukuta. Uso wake bado umechoka, uchovu wa miaka hauondoki kwa jani. Ila jana alikata tiketi mwenyewe, akarudi, akakaa, akaniambia, "Kilema sasa hivi asubuhi kuna ukungu." Hakuongeza kitu. Kopo ameniachia mimi. Maji yanajimwagia, mimi kazi yangu vumbi, na nimekatazwa kumgusa vunjajungu.

Kwa hiyo, wapwa zangu, mkipita Narung'ombe mkamwona mzee mwenye heshima zake anafuta majani, msicheke, na mkiulizwa ilikuwaje siku ile semeni Sadalla alikuwepo, maana Polycarp alipolia na dada yake akalia, mtaa mzima ulinyamaza, mikokoteni ikasimama, kunguru wakashuka wakajipanga kwenye nyaya za umeme, na mimi nikasimama katikati yao, nikaliinua lile isale juu kabisa, nikawahutubia kwa Kichaga safi ambacho hata wazee wa Kilema wange—

"Sadalla! Kichaga gani?" Ni Mama Lucky, ameacha mabegi, anasoma juu ya bega langu. "Si ulikuwa umechuchumaa kule nyuma, umejifunika beseni kichwani?"