Mama Sifuri na Makosa Kumi na Manane

Jumapili, tarehe 9 Machi 2014, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi mkuu wa kituo cha simu aliandika kwenye daftari la kituo kwamba kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe imefeli. Mwandiko umenyooka. Hakuna neno lililofutwa.

Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia katika chumba kimoja kisicho na dirisha, chenye safu tatu za makabati ya chuma na baridi ya mashine inayomfanya avae sweta hata jua la nje likiwa linachoma. Ukuu wa kituo aliupata Januari. Jina la Mama Sifuri ni la zamani zaidi. Alipewa na wenzake kwa sababu hatii saini kipimo chochote mpaka kihesabu makosa kisome sifuri. Mume wake, fundi cherehani, anasema hata sketi aliyomshonea iliwahi kurudishwa mezani kwa ajili ya uzi mmoja.

Kazi iliyofeli ilikuwa ya kufunga kadi mpya ya laini. Ni bamba la saketi lenye ukubwa wa daftari la shule, na linabeba mazungumzo mia nne themanini kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na kadi kumi na sita za zamani zilizojaza rafu nzima. Makao makuu yalitoa masharti mawili. Kadi ikipita vipimo na fomu ikafika kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, kituo kingebaki mikononi mwake. Isipofika, matengenezo yangepewa mkandarasi na yeye angehamishiwa makao makuu, safari ya saa saba kwa basi. Mume wake ana mkataba wa kushona sare za shule tatu, na cherehani nne haziingii kwenye begi. Waliwahi kuishi kila mmoja mji wake kwa miaka miwili. Hawakuwa na hamu ya kurudia.

Alhamisi alivaa mkanda wa mkononi wenye waya unaoshuka hadi ardhini, kwa sababu cheche ndogo ya mwili, ambayo mtu hata haisikii, inaweza kuua kadi. Akaisukuma kwenye reli zake, akabana vishikio viwili, akangoja. Taa nyekundu, kisha ya njano, kisha, baada ya dakika nne, ya kijani. Halafu akakaa kwenye kompyuta kuiambia kadi iko nafasi ya ngapi, ni ya aina gani, na kila mlango wake uzungumze na nani na kwa utaratibu upi.

Upande wa pili wa laini, kwenye kituo cha mji unaofuata, fundi mwingine alikuwa akifunga kadi kama hiyo. Yeye anaitwa Jirani. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na tisa wawili hawa wamesikilizana kila siku bila kuonana hata mara moja.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kati yao wawili. Saa ishirini na nne, sifuri. Cha pili kilipita kwa Jirani na kuendelea hadi makao makuu. Kikatoa makosa kumi na manane, kila moja likija takriban dakika themanini baada ya lenzake. Alibadilisha waya, akahamia mlango mwingine wa kadi. Makosa yakaendelea kwa mwendo uleule. Hilo ndilo lililomsumbua, maana waya mbovu hauna adabu ya kufuata ratiba.

Mkuu wa kanda alipiga simu mara tu aliposikia.

"Kumi na manane kwa siku nzima," alisema. "Nani atayaona?"

"Hospitali inayotuma majibu ya maabara kwa faksi. Laini zao ndizo za kwanza kuhamia kwenye hii kadi."

"Si watarudia kutuma?"

"Wakijua kwamba hayakufika, mkuu."

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo ni langu, mkuu. Niache niumwe."

"Jumatatu saa tatu," alisema mkuu wa kanda, akakata.

Alirudi nyumbani mchana. Mume wake alikuwa chumba cha mbele, sare za buluu zimempanda hadi magotini. Juu ya cherehani kuna saa ya ukutani ambayo familia nzima inaitegemea. Simu ilipolia, saa hiyo ilisoma saa kumi kasoro dakika tisa.

Aliyepiga ni wifi yake, dada wa mume, muuguzi wa zamu katika mji mwingine. Hupiga kila Jumapili saa kumi kamili, kwa sababu saa kumi na nusu anapokea wodi.

"Leo umewahi, wifi," Mama Sifuri alimwambia. "Umefukuzwa kazi?"

"Niwahi wapi? Ni saa kumi juu ya alama. Nyinyi mnaishi kwa saa ya nchi gani? Au kaka yangu ameishona na saa pia?"

Alimpa mume wake simu, akatazama mkono wake. Saa yake nayo ilisoma kasoro dakika tisa. Alingoja mume amalize kuagana na dada yake.

"Hii ya ukutani unairekebishaga kwa saa ipi?"

"Kwa saa yako," mume alijibu, akirudisha kitambaa chini ya sindano. "Ukiingia kutoka kazini naitazama, nasogeza mshale. Wewe si ndiye mtu wa mitambo?"

"Mimi yangu naisogeza kwa hiyo ya ukutani. Kila asubuhi."

Mume aliinua mguu kutoka kwenye pedali. "Basi miaka yote tunaulizana sisi kwa sisi."

Mke alikuwa tayari anavaa viatu.

Kwenye simu za dijitali, sauti hukatwa vipande vidogo sana, na vituo vyote lazima vihesabu vipande hivyo kwa mwendo wa saa moja. Kituo kikihesabu polepole kidogo tu, baada ya muda kipande kimoja hukosa nafasi na kupotea. Anayezungumza husikia mlio mfupi kama wa ulimi. Faksi hupoteza mstari. Ndiyo maana kila kadi huambiwa saa yake iichukue wapi.

Saa kumi na nusu alikuwa kituoni, sweta mwilini, simu sikioni.

"Jirani, kadi yako inachukua saa wapi?"

"Kwako, mkuu."

"Kwangu kwa nini?"

"Si umekuwa mkuu wa kituo? Mimi ni nani nikupangie saa?"

"Kaka, na mimi naichukua kwako. Wewe ni mkongwe, nilikuwa namvulia kofia mkubwa."

"Kwa hiyo tunafuatana wenyewe kwa wenyewe, kama kuku na kivuli chake."

"Na sisi tunasikilizana vizuri kabisa. Makao makuu ndio wanaotusikia tumechelewa."

"Heshima si utumwa, walisema. Leo imetufunga kamba wote wawili."

"Nani mkubwa basi?"

"Hakuna mkubwa hapa. Mkubwa ni saa ya makao makuu. Mimi naishika hiyo, wewe nishike mimi."

Iliwachukua dakika sita, pamoja na utani. Mistari ya amri iliyobadilishwa ilikuwa miwili, yote kwenye kadi ya Jirani. Saa kumi na moja kamili jioni, kwa saa aliyokwisha kuirekebisha, alianzisha kipimo upya. Chini ya neno "imefeli" akaandika sababu: kila fundi alimwachia mwenzake saa, kosa la mafundi wote wawili. Jirani alimwomba aandike tu "hitilafu ya mtambo". Alikataa.

Jumatatu saa tatu mkuu wa kanda aliuliza fomu iko wapi.

"Inapimwa, mkuu. Saa kumi na moja jioni itakuwa mezani kwako."

"Nilisema saa tatu."

"Nilisikia."

Saa kumi na moja kihesabu kilisoma sifuri. Alitia saini fomu, akaituma pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari, akaenda nyumbani. Usiku huo yeye na mume wake walipanga nani atabaki na nini iwapo barua itakuja. Cherehani zote nne zilibaki upande wa mume. Saa ya ukutani hawakuiamulia.

Jumanne asubuhi simu ilikuja badala ya barua. Mkuu wa kanda alikuwa amesoma daftari pamoja na fomu.

"Barua ya uhamisho nimeiweka kando," alisema. "Sijaichana. Hamisha hospitali kwanza, nione."

Laini za hospitali ni sitini na nne. Kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi ataanza kuzihamisha moja moja, Jirani akiwa upande wa pili, na baada ya kila moja watatuma ukurasa mmoja wa faksi na kungoja ufike mzima.